Bonde la Joka la Kijani: Miaka 50 ya Jembe na Taamuli Green Gulch

Ukitoka San Francisco, ukavuka daraja la Golden Gate na kufuata barabara inayopinda kwenye vilima vya Marin kwa mwendo usiofika kilomita 30, unafika kwenye bonde jembamba linaloteremka hadi Bahari ya Pasifiki, katika ufuko wa Muir Beach. Sehemu ya juu ya bonde ina nyumba za mbao, ukumbi wa kutafakari na nyumba ya chai. Chini yake ipo bustani ya maua, viungo na matunda, kisha mashamba ya mboga yanayofuatana kuelekea baharini. Hapo ndipo ilipo Green Gulch Farm, kituo cha mafungo cha Wabudha wa madhehebu ya Soto Zen. Kwa Kijapani kinaitwa Soryu-ji, Hekalu la Joka la Kijani.

Kituo kilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2022 kikatimiza miaka 50. Taasisi ya dini inapofikia umri huo, desturi ni kuwataja viongozi wake na kuyahesabu majengo yake. Makala haya yanakumbuka jambo jingine: ardhi yenyewe, na watu walioifanya ikalimika tena. Na katika kuwakumbuka, ukweli mmoja unajitokeza ambao unastahili heshima ya wazi. Hekalu hili la Kibudha lilijengewa bustani zake na walimu ambao hawakuwa watawa wa Kibudha: mwanafizikia aliyegeuka mfugaji, mwigizaji wa Kiingereza aliyegeuka mtunza bustani, na mzee aliyefundwa na Wayurok, wenyeji wa kaskazini mwa California. Watawa walikubali kukaa chini na kujifunza kwao. Ukubwa wa kituo hiki umo katika kukubali huko.

Bonde kabla ya hekalu

Wenyeji wa kwanza wa eneo hili ni Wamiwok wa Pwani. Waliishi kwa samaki, kome, mbegu na matunda ya mwaloni, na kama jamii nyingi za California walijua kuchoma nyasi kwa kipimo ili malisho yachipuke upya na mbegu zipatikane. Ukoloni wa Kihispania, kisha utawala wa Meksiko, na baadaye wa Marekani, uliwaondoa kwenye ardhi yao na kuwapunguza kwa maradhi na kazi za kulazimishwa. Katika karne ya 19 vilima vya Marin vikawa nchi ya ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wengi walikuwa Wareno kutoka visiwa vya Azores, na maziwa na siagi yao vilivushwa kwenda kulisha jiji la San Francisco.

Katikati ya karne ya 20 bonde lilikuwa mikononi mwa George Wheelwright. Huyu alikuwa mwanafizikia aliyefundisha Harvard, na mwaka 1932 yeye na Edwin Land walianzisha maabara ambayo baadaye ilizaa kampuni ya Polaroid. Baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mfugaji wa ng'ombe wa nyama. Aliliendea bonde kwa akili ya mtu wa maabara: alisawazisha ardhi ya chini, akajenga mabwawa ya kuhifadhi maji, akaondoa vichaka miteremkoni kwa mashine na dawa za kuua magugu, na kijito kilichokuwa kikizunguka-zunguka bondeni kikanyooshwa kipite pembeni. Kwa kipimo cha wakati wake, hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzuri ya shamba. Mabwawa yake yanamwagilia mboga hadi leo. Kijito alichokinyoosha nacho kilikuja kuwa mzigo wa kizazi kilichofuata, na tutakirudia.

Jumuiya iliyotafuta shamba

Mwaka 1959 mtawa wa Kijapani, Shunryu Suzuki, alifika San Francisco kuhudumia hekalu dogo la Wamarekani wenye asili ya Japani. Vijana wa Kimarekani wakaanza kumjia alfajiri kukaa naye kimya. Mwaka 1962 wakaunda San Francisco Zen Center. Mwaka 1967 wakafungua Tassajara, monasteri iliyo ndani kabisa ya milima ya kusini, ya kwanza ya mafunzo ya Zen nchini Marekani. Huko Tassajara wanafunzi walimwona mwalimu wao akifanya kazi ambayo wengi hawakuitegemea kwa mtu wa cheo chake: alihamisha mawe. Aliyachagua, akayabingirisha, akayapanga kuwa bustani na kuta. Alikuwa mtu mfupi na mwenye afya isiyo imara, lakini alishinda juani na nyundo na mtalimbo pamoja na vijana.

Kazi hiyo ina mizizi ya kale. Mapokeo ya Zen yanamkumbuka Baizhang, mtawa wa China wa karne ya 8 na 9, aliyeweka kanuni kwamba watawa walime chakula chao badala ya kutegemea sadaka pekee. Inasimuliwa kwamba alipozeeka wanafunzi wake walimwonea huruma wakaficha zana zake. Siku hiyo hakufanya kazi, na siku hiyo hakula. Walipoona hali hiyo wakamrudishia zana. Tangu hapo kazi ya mikono imehesabiwa kuwa sehemu ya ibada: kufagia, kupika, kupalilia, vyote hufanywa kwa umakini uleule wa kukaa kwenye mto wa kutafakari.

Suzuki alifariki Desemba 1971. Jumuiya aliyoiacha ilikuwa na kituo cha mjini na monasteri ya milimani. Ilikosa mahali pa kati, ambapo familia zenye watoto zingeweza kuishi, wageni wangefika kwa urahisi, na chakula kingelimwa. Wheelwright, aliyekuwa anazeeka, naye alikuwa anatafuta wa kumwachia ranchi. Wajenzi wangeweza kumlipa vizuri, maana ni ardhi ya pwani karibu na jiji kubwa. Yeye alitaka mambo mawili: ardhi iendelee kulimwa, na umma uendelee kuruhusiwa kuingia. Mwaka 1972 Zen Center, chini ya Richard Baker, mrithi wa Suzuki, ikapokea ekari 115 kwa masharti hayo. Oktoba ya mwaka huohuo serikali ya Marekani iliunda hifadhi ya Golden Gate, na vilima vinavyolizunguka bonde vikawa mali ya umma.

Banda la ranchi na farasi wa kukokota

Waliohamia bondeni walikuwa wasomi wa mjini. Wengi hawakuwahi kushika jembe. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuligeuza banda kubwa la ranchi kuwa zendo, yaani ukumbi wa kutafakari. Halijabomolewa; mtu anayeketi humo alfajiri bado anakaa chini ya mbao zilizojengewa shughuli za ranchi. La pili lilikuwa kuuliza namna ya kulima.

Wheelwright hakuwauzia ardhi akaondoka. Alibaki karibu akawaonyesha mabomba, mabwawa na tabia za bonde. Hali ya hewa hapo ni ngumu kwa mgeni. Mvua hunyesha majira ya baridi tu, na kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba tone la mvua ni nadra. Kiangazi ukungu mzito hupanda kutoka baharini na kulifunika bonde, kwa hiyo miezi ambayo mashamba ya bara yanachomwa na jua, Green Gulch inatetemeka. Nyanya na pilipili hazipendi. Mboga za majani ndizo zinazofurahi: saladi, spinachi, sukuma wiki, kabichi. Viazi mviringo, bitiruti na maboga nayo yakapata nafasi. Upepo wa chumvi ulilazimisha kupanda misaipresi ya kukinga mashamba kabla mboga hazijatarajiwa kusimama.

Miaka ile ya kwanza walilima kwa farasi wa kukokota. Ulikuwa uamuzi wa makusudi. Trekta lilipatikana kwa urahisi, lakini udongo wa mfinyanzi wa bonde hili ukilimwa ukiwa na maji hushikamana na kuwa kama tofali, na hatua ya farasi ilimlazimu mkulima kuuhisi unyevu wa udongo kabla ya kuamua kuingia shambani. Trekta lilikuja baadaye, likiwa na nidhamu ileile ya kusubiri udongo uwe tayari.

Mwigizaji na matuta ya kina

Mwalimu wa pili alikuwa Alan Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1909. Alikuwa ameigiza tamthilia za Shakespeare jukwaani, akatumikia jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita, kisha akaishi Afrika Kusini, ambako alitunza bustani. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz kilimpa mteremko wenye mawe na magugu. Kwa miaka michache na kwa zana za mkono tu, yeye na wanafunzi waliugeuza kuwa bustani iliyovuta watu kutoka kila upande wa nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Green Gulch kwa muda mfupi na kuanzisha bustani za mwanzo.

Chadwick aliunganisha mapokeo mawili ya Ulaya: ustadi wa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, waliovuna sana kutoka vipande vidogo vya ardhi, na kilimo cha baidinamiki kilichotokana na mihadhara ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Kiini cha kazi yake kilikuwa tuta la kuchimba mara mbili. Mkulima huchimba mfereji wa sentimita 30, kisha hushika jembe uma na kulegeza sentimita 30 nyingine chini yake bila kuupindua udongo huo wa chini. Mfereji unaofuata hujaza uliotangulia. Mboji huchanganywa juu. Mizizi inapata njia ya kushuka badala ya kutanda, mimea inapandwa kwa kukaribiana hadi majani yake yanagusana na kuutia udongo kivuli, na maji kidogo yanatosha.

Msomaji wa Kenya pengine ameshaitambua mbinu hii. Mmoja wa waliovutiwa na kazi ya Chadwick, John Jeavons, aliipima na kuiandika katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1974, na shirika lake likasaidia kuifikisha nchi nyingi. Mwaka 1984, mwaka wa ukame mkali, Kituo cha Kilimo cha Manor House kilianza kuifundisha Kitale. Tangu hapo wakulima wadogo wengi wa magharibi mwa Kenya wamejifunza kuchimba matuta ya kina kwenye robo ekari zao. Shamba la Kitale halikutoka Green Gulch, lakini yote mawili yametoka kwa mwalimu mmoja.

Chadwick hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mkali, mwenye maneno ya jukwaani na hasira ya ghafla, na aliondoka mahali pengi kwa ugomvi. Lakini mwaka 1979, akiwa mgonjwa wa saratani, jumuiya ya Green Gulch ilimpokea na kumuuguza. Kutoka kitandani aliendelea kuwafundisha wanagenzi waliomjia kuhusu mbegu, majira na utunzaji wa udongo. Alifariki hapo Mei 1980. Hekalu lililofundishwa naye ndilo lililomfumba macho, na katika kumbukumbu zote za kituo hiki hakuna tendo linalokisifu zaidi kuliko hilo.

Mzee wa miti

Ikiwa Chadwick alifundisha kitanda cha mboga, Harry Roberts alifundisha bonde zima. Alizaliwa mwaka 1906, na ujana wake aliupitisha karibu na Wayurok wa mto Klamath, ambako Robert Spott, mmoja wa wazee wao mashuhuri, alimfundisha kama mwanawe. Baadaye alifanya kazi nyingi, zikiwemo za kilimo na vitalu vya mimea, hivyo alikuja na elimu mbili: ya wazee na ya wataalamu wa mimea.

Alichokiona Green Gulch ni jeraha. Miteremko iliyofyekwa kwa ajili ya malisho ilikuwa ikimomonyoka, maji ya mvua yakikimbia badala ya kuzama, na mimea ya asili ikiwa imebaki pembezoni. Aliwafundisha vijana kusoma mteremko kabla ya kuugusa: maji yanakwenda wapi, upepo unaingilia upande gani, mmea gani umejipanda wenyewe na kwa nini. Akawaelekeza kuotesha mimea ya asili kwenye kitalu na kuirudisha vilimani. Misekwoya, miti iliyo miongoni mwa mirefu kuliko yote duniani na inayopatikana msituni Muir Woods, jirani kabisa, ikaanza kupandwa tena bondeni.

Roberts alifariki mwaka 1981. Kazi yake ikawa desturi. Kila majira ya baridi, mvua ikishalainisha ardhi, wakazi na wageni hukusanyika, hufanya ibada fupi, kisha hupanda miche vilimani. Watu waliopanda wakiwa vijana leo wanatembea chini ya vivuli vya miti yao.

Bustani inavyopangika

Aliyeyaunganisha mafunzo ya walimu hawa kuwa utaratibu wa kudumu zaidi ni Wendy Johnson. Alikuja Green Gulch mwaka 1975 akitokea Tassajara, akaishi hapo miaka 25, na pamoja na wenzake akajenga programu ya kilimohai ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kituo. Kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu bustani hiyo ni hazina ya kwanza ya kumbukumbu zake.

Mpangilio uliokua katika miaka hiyo unaeleweka ukitembea kutoka juu kwenda chini. Karibu na majengo ipo bustani ya maua na matunda, iliyozungushiwa ua. Mitufaa imeelekezwa kutandaza matawi yake ubavuni mwa waya, ili uzio wenyewe uzae. Katikati kuna duara la viungo na mitishamba, na pembeni bustani ya amani yenye viti vya kukalia. Maua ya hapo huenda kwenye madhabahu za zendo. Mabaki ya jikoni, magugu na samadi hupangwa kwa tabaka kwenye marundo ya mboji, hupata joto, hupinduliwa, na baada ya miezi hurudi kitandani. Ukipita lango la chini unaingia mashamba makubwa ya mboga, na njia ya umma inayapitia hadi ufukoni. Anayekwenda kuogelea na anayekwenda kuvuna hupishana kwenye njia moja. Sharti la Wheelwright linatimizwa kila siku.

Mazao yalihitaji walaji. Katikati ya miaka ya 1970 Zen Center ilifungua duka la mboga mkabala na kituo chake cha mjini. Mwaka 1979 ikafungua mgahawa wa Greens, ndani ya kambi ya zamani ya jeshi ya Fort Mason, ukitazama ghuba. Mpishi wake wa kwanza, Deborah Madison, alikuwa mwanafunzi wa Zen. Wakati ule chakula kisicho na nyama Marekani kilihesabiwa kuwa adhabu. Greens ilikiweka mezani kwa heshima, na saladi zilizokatwa Green Gulch alfajiri ziliweza kuliwa mjini siku hiyohiyo. Mgahawa huo ulibadilisha mawazo ya wapishi wengi kuhusu mboga.

Mwaka 1983 Zen Center ilipita kwenye mgogoro mkubwa wa uongozi, na Richard Baker akajiuzulu. Jumuiya ilitikisika, watu wakaondoka, maswali mazito yakaulizwa kuhusu madaraka na kazi isiyolipwa vizuri. Katika kipindi hicho saladi hazikusubiri mkutano uishe. Mbegu zilitakiwa kusiwa, marundo kupinduliwa, mabwawa kuangaliwa. Ni haki kusema kwamba shamba lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoishika jumuiya isisambaratike.

Kulima bila kuua?

Mtu anayeingia Ubudha huahidi kwanza kutoua. Mtu anayelima huua kila siku. Hakuna mahali ahadi hizi mbili zinagongana waziwazi kuliko bustani ya hekalu. Fuko hula mizizi ya mtufaa kutoka chini, kulungu hushuka usiku kutoka vilimani, konokono humaliza miche michanga, vidukari hufunika kabichi. Hata anayechimba tuta hukata minyoo.

Green Gulch haikudai kwamba imelimaliza tatizo hili, na uaminifu huo ni sehemu ya mafunzo yake. Ilianza na yaliyowezekana: uzio dhidi ya kulungu, waya chini ya vitanda, mzunguko wa mazao, maua yanayowavutia wadudu wanaokula wadudu wengine, na kupanda kwa ziada ili hasara isiwe njaa. Konokono waliokotwa kwa mkono. Baada ya hapo ilibaki sehemu ambayo haikuweza kuepukwa, na hiyo ikapewa ibada. Mwaka 1990, katika kuadhimisha Siku ya Dunia, jumuiya ilifanya tambiko la kuwakaribisha, kuwashukuru na kuwaomba radhi mimea na wanyama waliotolewa uhai kwa ajili ya bustani.

Anayekulia Afrika Mashariki hatalishangaa jambo hili. Kuomba ruhusa kabla ya kukata mti mkubwa, kuchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, kutotupa chakula: yote ni njia za kukiri kwamba tunaishi kwa uhai wa wengine. Green Gulch ililileta fundisho hilo kwenye kilimo cha kisasa na kulifanya sehemu ya kazi, badala ya kuliachia huruma ya mtu mmoja mmoja.

Wanagenzi

Kwa miongo mingi kituo kimepokea wanagenzi wanaokaa msimu mzima wa kilimo. Huamka kabla ya alfajiri, hukaa zendo, hula kimya, kisha hukusanyika kwa duara kugawana kazi. Mwanagenzi hujifunza kutengeneza mboji, kusia kitaluni, kuhamisha miche, kumwagilia kwa kipimo, kuvuna, kuosha mboga na kuzipeleka sokoni. Mwisho wa siku zana husafishwa na kurudishwa mahali pake, kwa sababu jembe lililoachwa na matope ni akili iliyoachwa katikati ya kazi.

Wengi wao hawakubaki kuwa watawa. Walikwenda kuanzisha mashamba, bustani za shule na vitalu kwingine. Wendy Johnson mwenyewe alikuwa mlezi wa bustani ya shule ya Edible Schoolyard ya Berkeley, iliyoanzishwa na mpishi Alice Waters mwaka 1995, ambako watoto hulima wanachokipika. Njia hii ya kuenea imekuwa na maana kubwa kuliko idadi ya waliovaa joho, kwa kuwa ujuzi wa udongo unawafaa watu ambao hawatawahi kukaa zendo hata siku moja.

Shamba lililorudishwa kwa mto

Sasa turudi kwenye kijito. Maji ya Green Gulch huungana na Redwood Creek karibu na ufuko, na Redwood Creek ni miongoni mwa mito ya mwisho ya eneo hilo ambayo salmoni aina ya koho bado hupanda kutoka baharini kuja kutaga. Samaki hawa wa pwani ya kati ya California wako hatarini kutoweka. Samaki wachanga huhitaji maji baridi, kivuli, na vidimbwi vya kujificha wakati mafuriko ya majira ya baridi yanapita kwa nguvu. Kijito kilichonyooshwa hakina kimojawapo. Maji hupita kwa kasi, huzichimba kingo, na samaki mdogo hufagiliwa baharini kabla ya wakati wake.

Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa imeshaanza kurekebisha mdomo wa Redwood Creek hapo Muir Beach. Swali likapanda bondeni: Green Gulch ingefanya nini na sehemu yake? Jibu halikuwa la bure. Kukirudishia kijito mizunguko yake kulimaanisha kutoa sehemu ya ardhi tambarare ya chini, na ardhi tambarare katika bonde jembamba ndiyo ardhi ya mboga. Wakulima waliojenga udongo huo kwa mboji ya miongo minne walitakiwa kuuacha.

Waliuacha. Mwaka 2014 kazi ya kukirudisha kijito kwenye mkondo wenye mizunguko ilifanyika mashambani. Magogo yaliwekwa ili kuunda vidimbwi, kingo zikalazwa ili maji ya mafuriko yapate pa kutanda, na miti ya asili ya kando ya mto ikapandwa. Katika maisha ya jumuiya hiyo, huo ulikuwa upanzi uliodai zaidi kuliko wowote uliotangulia.

Hapa ndipo ninapoona historia yote ikikutana. Wheelwright aliamini bonde linaamriwa. Chadwick aliamini linalelewa. Roberts aliamini linasomwa. Watu wa mwaka 2014 walifika hatua ya nne: waliamini kwamba linaweza kudai, na kwamba dai lake linaweza kuwa halali hata linapomgharimu mkulima. Wasingefika hapo bila wale watatu. Mtu hawezi kuuachia mto shamba kwa moyo mweupe kama hajawahi kulipenda shamba hilo, na hawezi kulipenda bila kulichimba.

Urithi na deni

Miaka 50 ni umri mfupi kwa hekalu. Wabudha wa Soto wana mahekalu Japani yenye karne nyingi. Lakini ni muda wa kutosha kupima kama kazi ina mizizi. Udongo wa Green Gulch leo ni mzito kwa mboji kuliko ulivyokuwa 1972. Miteremko iliyofyekwa ina miti. Maelfu ya watu wasio Wabudha wamepita humo kwa mhadhara wa Jumapili, kununua miche, au kukatiza tu kwenda baharini.

Deni nalo lipo. California imepita kwenye vipindi vya ukame mkali karne hii, na mabwawa yanayojazwa na mvua ya msimu mmoja hayana uhakika. Moto wa msituni umekuwa tishio la kila mwaka katika jimbo hilo. Bahari inapanda, na mashamba ya chini yako karibu nayo. Watakaolitunza bonde kwa nusu karne ijayo watahitaji walimu wapya, na inaelekea walimu hao, kama wale wa kwanza, watatoka nje ya hekalu: wanasayansi wa mito, wazima moto, na kwanza kabisa wajukuu wa Wamiwok, ambao elimu yao ya moto na nyasi ilinyamazishwa kabla ya mtawa yeyote kufika.

Kwa taasisi zetu za dini Afrika Mashariki, zenye ekari nyingi za misheni, wakfu na monasteri kutoka Peramiho hadi Lamu, mfano huu unauliza jambo moja la kutendeka. Ni nani anayetufundisha kuitunza ardhi tuliyokabidhiwa na waliotutangulia, na je, tuko tayari kuwaita mkulima, mvuvi na mzee wa kijiji waje kutufundisha hata kama hawasali pamoja nasi? Green Gulch ilijibu ndiyo mwaka 1972, ikaendelea kujibu hivyo kwa nusu karne. Ndiyo maana bonde lile bado linalisha watu, na ndiyo maana linastahili kuadhimishwa.